Paketi ileile, misimu miwili: kisa cha minyoo fundo Mkuranga

Mwishoni mwa mwezi wa pili nilipigiwa simu na mama mmoja wa Mkuranga, analima nyanya kama nusu eka hivi kwenye kile kichanga cha kule, maji anavuta kisimani anapitisha kwenye dripu, mzigo wake unaenda Mbagala. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo. "Mwanangu wameniuzia mbegu feki, njoo uone kwa macho yako halafu unisaidie kuandika barua." Nikamwambia mama nakuja kesho, barua tutaandika tukishaona shamba.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kilio chake nakisikia kila kiangazi toka kwa wakulima wa Pwani, maneno yaleyale kabisa, paketi imeandikwa inakinzana na minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, halafu minyoo imekula, na kinachofuata mkulima anagombana na mwenye duka la pembejeo, mwaka unaofuata anarudi kwenye mbegu ya kukamua nyumbani na hasara inakuwa mara mbili. Mama huyu alikuwa na kitu kimoja ambacho wengi hawana, alikuwa ametunza paketi. Hicho ndo kilifanya kesi iweze kuchunguzwa mpaka mwisho.

Nilifika kama saa sita mchana, jua la kaskazi liko utosini. Nyanya zimelala, majani yamening'inia kama mtu amesahau kufungua maji, lakini ukigusa chini ya tundu za dripu udongo umelowa vizuri tu. Mama akaniambia ikifika saa kumi na mbili jioni zinasimama tena, asubuhi unazikuta nzima, mchana zinalala. Wiki ya tatu hiyo. Majani ya chini yameanza kuwa njano, mimea imedumaa, matunda yapo ila madogo na machache.

Cha kwanza kilichonijia kichwani ni mnyauko bakteria, maana kwa ukanda ule ndo adui wa kwanza. Kipimo chake hakihitaji maabara, nikakata shina karibu na udongo, kipande cha kama kidole, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi na kusubiri. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache unaona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye shina kwenda chini ya glasi, ukishauona mara moja huwezi kuusahau. Tulikaa robo saa nzima, maji yakabaki safi vilevile. Nikapasua shina lingine kwa urefu kuangalia kama kuna ule mstari wa kahawia wa mnyauko fusari, hakuna, ndani kijani na weupe safi. Bas nikachukua jembe, nikazungushia mmea mmoja kwa mbali ili nisikate mizizi, nikaunyanyua taratibu na bonge lake la mchanga na kulisuuza kwenye ndoo.

Mizizi ilikuwa kama tangawizi. Sio vinundu viwili vitatu, mzizi mzima umevimba umepindapinda, ile nyuzinyuzi ya kunywea maji imebaki michache sana. Kijana wake akasema lakini hata kunde zina vinundu, na ni kweli, swali zuri sana hilo, nikang'oa mkunde uliokuwa pembeni tukaweka viwili sambamba. Kile cha kunde kimekaa ubavuni mwa mzizi kama shanga, ukikisugua na kidole kinabanduka, hicho ni cha faida kinatengeneza naitrojeni. Cha nyanya hakibanduki kwa sababu ni mzizi wenyewe ndo umevimba. Nikachana kinundu kimoja na wembe nikampa lenzi, akaona ndani kuna vitu vyeupe vinang'aa kama lulu, vidogo kuliko kichwa cha pini, vina umbo la pea. Hao ni majike ya minyoo fundo. Kila mmoja anataga mayai mamia ndani ya ute, na kwa joto la Pwani mzunguko wake kutoka yai mpaka yai unachukua kama mwezi mmoja hivi.

Kwa hiyo ugonjwa tumeujua. Swali la mama lilikuwa lingine: kwa nini, wakati nimelipia mbegu ya kukinzana?

Akaleta paketi. Mbegu chotara, F1, yani kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, na nyuma kwa maandishi madogo kuna mstari "IR: TYLCV / Ma, Mi, Mj". Mwenye duka alimwambia hizi herufi maana yake haishiki rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja, wala minyoo. Sasa hapa niombe kusimama kidogo maana herufi hizi zinauza mbegu na karibu hakuna anayezisoma. Ma, Mi na Mj ni majina matatu ya minyoo fundo, Meloidogyne arenaria, incognita na javanica. TYLCV ni kirusi cha rasta. Na zile mbili za mwanzo, IR, maana yake ukinzani wa kati, tofauti na HR ambayo ni ukinzani wa juu. Yani paketi yenyewe ilishasema kwamba mmea huu unapunguza ugonjwa ila ukibanwa sana na adui au na mazingira utaonyesha dalili. Ilisema kwa herufi mbili, kwa lugha ambayo mama haijui, kwa maandishi ambayo hata mimi nilisogeza paketi juani ndo nikasoma.

Nikamuuliza amenunua lini. Hapo ndo kesi ikageuka. Akasema paketi hii nilinunua mwaka jana mwezi wa tano, nusu nikasia, nyanya zikaingia shambani mwezi wa sita, nikavuna mpaka wa tisa mwishoni, na sijaona ugonjwa wowote mwanangu, mizizi ilikuwa misafi nilipong'oa. Nusu iliyobaki akaifunga vizuri kwenye kopo na majivu makavu, akaisia karibu yote mwezi wa kumi na mbili, ikaingia shambani mwezi wa kwanza. Shamba lilelile. Nikamwambia mama, kama mbegu ni feki basi ilikuwa feki na mwezi wa sita. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, sasa ni nini?"

Tukazunguka shamba zima. Upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa, kivuli chake kinafunika mistari miwili ya mwisho kuanzia saa saba saa nane hivi mpaka jioni, na chini yake mama alikuwa ametupa nyasi kavu nyingi, sio kwa mpango wowote, ni za palizi tu alikuwa anazirundika huko. Mimea ya mistari ile ilikuwa imesimama. Nikang'oa mitatu, mmoja hauna kitu, wawili wana vinundu vichache vidogo kwenye ncha. Mbegu ileile, siku ileile ya kupandikiza, dripu ileile. Nikang'oa mingine mitatu katikati ya shamba, tangawizi tupu.

Nilikuwa na kipimajoto cha fimbo kwenye begi. Saa tisa alasiri, kina cha sentimita 10, katikati ya shamba pale palipo wazi kikasoma digrii 34. Chini ya nyasi upande wa mwembe, digrii 28. Nilirudia sehemu nne kila upande na tofauti haikuwa kubwa. Kesho yake asubuhi saa tatu kijana akapima tena akanitumia picha, palipo wazi tayari digrii 29.

Hizo namba ndo zilinifanya niseme sidhani kama kuna aliyekuibia, na ili nieleze kwa nini inabidi nirudi nyuma miaka themanini hivi.

Nyanya tunayokula haina kinga yoyote ya maana dhidi ya minyoo fundo. Kinga ilipatikana kwa ndugu yake wa porini, Solanum peruvianum, anayeota Peru na kaskazini mwa Chile, vitunda vyake vidogo vya kijani ambavyo hakuna atakayeviweka kwenye kachumbari. Tatizo ni kwamba ukimchavusha na nyanya ya kawaida, mbegu inaanza kukua halafu inafia ndani ya tunda. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Paul Smith, aliandika mwaka 1944 jinsi alivyofanya: alitoa kiinitete kwenye mbegu kabla hakijafa, akakilea kwenye chupa yenye chakula mpaka kikawa mmea. Kutoka kwenye mmea mmoja ule wa chotara, mmoja tu, wakaendelea kuurudisha kwa nyanya ya kawaida kizazi baada ya kizazi, wanachagua watoto wenye mizizi misafi. Mwaka 1956 watafiti Gilbert na McGuire kule Hawaii wakaonyesha kwamba kinga hiyo inashikiliwa na jeni moja yenye nguvu, yani ukiwa na nakala moja tu inatosha kuonekana, wakaiita Mi. Na nyanya za sokoni zenye herufi N (ya nematode, yani minyoo) au zile Ma, Mi, Mj, kinga yake inatoka kwenye mmea ule mmoja. Mimi huwa naliwaza sana hili nikishika mche kwenye trei, kwamba mashamba yote haya, kuanzia California mpaka kichanga cha Mkuranga, yameegemea kiinitete kimoja kilichookolewa kwenye chupa.

(Jina linachanganya, nakubali. Mi ya kwenye paketi ni mnyoo, Meloidogyne incognita. Mi ya watafiti ni jeni ya mmea. Jeni ilipewa jina la adui wake.)

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 6. Mwaka 1998 ikafanikiwa kutolewa na kusomwa herufi kwa herufi, moja ya maabara zilizofanya hivyo ikiwa ya Valerie Williamson, Chuo Kikuu cha California kilekile, kampasi ya Davis. Wakakuta kumbe pale kuna nakala mbili zinazofanana mno, Mi-1.1 na Mi-1.2, na inayofanya kazi ni hiyo ya pili peke yake. Inatengeneza protini ambayo naweza kuifananisha na mlinzi anayekaa ndani ya seli, hazuii mtu asiingie getini. Hapa wengi wanakosea, wanadhani mmea wenye kinga minyoo haiingii. Inaingia kabisa. Mnyoo mchanga ana urefu wa chini ya nusu milimita, anatoboa karibu na ncha ya mzizi, anatambaa ndani mpaka kwenye mishipa ya maji, anachagua seli chache na kuzichoma sindano yake, anamwaga mate. Kwenye mmea usio na kinga, mate yale yanazibadilisha zile seli zinakuwa majitu, kila moja ina viini vingi, zinamlisha yeye tu maisha yake yote, na mzizi kuzizunguka unavimba. Kwenye mmea wenye Mi, mlinzi anashtuka na seli zinazozunguka kichwa cha mnyoo zinajiua zenyewe ndani ya saa chache, kama nusu siku hivi. Mnyoo anabaki na mdomo kwenye kidonda kikavu, anakufa njaa au anatoka. Na mlinzi huyu huyu, kitu cha ajabu kwa kweli, anatambua pia aina ya vidukari na kwa kiasi fulani inzi weupe, wadudu wa majani ambao hawana uhusiano wowote na minyoo ya mizizini.

Ila mlinzi huyu anashindwa joto. Hii haijagunduliwa jana, V. H. Dropkin aliandika mwaka 1969, na baada yake wengi wamerudia: udongo ukipita kama digrii 28, kile kitendo cha seli kujiua kinalegea, na ukizidi kupanda kinazima, mmea wenye Mi unakuwa kama hauna. Na kinachouma zaidi ni siku za mwanzo mnyoo anapoingia, joto likiwa juu siku hizo ameshajenga majitu yake, na hapo hata hali ya hewa ikipoa baadaye ameshatulia anakula.

Sasa rudisha hayo shambani kwa mama. Mwezi wa sita na wa saba Pwani ni kipupwe, upepo wa kusi, usiku unajifunika shuka, udongo uko digrii ishirini na kitu, mlinzi yuko kazini, mizizi misafi. Mwezi wa kwanza miche ya wiki nne inaingia kwenye mchanga ulio wazi, unaochemka kuanzia asubuhi, mlinzi hayupo. Pale kwenye mwembe na nyasi, digrii 28, mlinzi anasinzia sinzia lakini bado yupo. Paketi ileile.

Ningeweza kuishia hapo na ningeonekana nimetatua kesi, lakini kulikuwa na mshukiwa mwingine ambaye joto lingeweza kumfunika. Minyoo nayo inabadilika. Ukipanda Mi shamba lilelile miaka na miaka, wale wachache wanaoweza kumkwepa mlinzi ndo wanaobaki kuzaana, na baadaye unakuwa na kizazi kisichojali Mi hata kwenye baridi, imeshaonekana nchi mbalimbali. Na kuna aina ambazo Mi haijawahi kuziweza toka mwanzo, kama M. hapla anayependa maeneo ya baridi na M. enterolobii ambaye ni wa joto. Kama shida ni hiyo ushauri unabadilika kabisa, maana kusubiri kipupwe hakutamsaidia mama chochote, atarudi na hasara ileile.

Kwa hiyo nikamwambia mama usitupe udongo, na mbegu zilizobaki usisie. Tukasubiri. Mwezi wa sita tukachota mchanga palepale palipokuwa na mizizi mibaya zaidi, tukauchanganya vizuri tukajaza viriba 20, tukavipanga nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Kumi tukaweka miche ya paketi ile, kumi tukaweka Cal J, aina ya nyanya ambayo haina herufi ya minyoo kwenye jina lake na minyoo inaipenda. Cal J pale kazi yake ni kutuonyesha kwamba minyoo bado ipo hai kwenye udongo, bila hiyo mizizi misafi ya chotara isingekuwa na maana yoyote kwa sababu labda minyoo imekufa tu. Kijana akawa anapima joto la viriba kila siku saa tisa anaandika kwenye daftari la shule la mdogo wake, ilikuwa kati ya digrii 24 na 27 muda wote.

Wiki ya saba tukavipasua. Nilimwachia mama asuuze mwenyewe. Cal J zote kumi zimevimba, hakuna iliyopona. Za paketi, nane misafi, mbili zina vinundu vichache vidogo, unahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama aliishika ile mizizi misafi muda mrefu sana bila kusema kitu, anaigeuza geuza.

Zile mbili sikuzipuuza. Mmea wa F1 mara nyingi una nakala moja tu ya Mi, toka kwa mzazi mmoja, na kuna majaribio yaliyoonyesha mimea ya nakala moja inaweza kuruhusu minyoo ikazaliana zaidi kidogo kuliko yenye nakala mbili. Hiyo pamoja na ile IR kwenye paketi inatosha kueleza vinundu vitatu vinne. Kwa hiyo minyoo ya mama haijamzoea mlinzi, au kama imeanza basi ni wachache bado. Joto ndo lilifungua mlango.

Joto lilifungua mlango, lakini waliopita walikuwa wengi kuliko kawaida na hapo kuna jambo ambalo mama alinitajia kwa kupita tu mwanzoni na mimi mwenyewe nikaliacha lipite, ni makosa yangu hayo. Nyanya za kipupwe zilipokuwa zinaisha, mwezi wa tisa, alipanda bamia katikati ya mistari ili asipoteze maji ya dripu, akachuma mpaka Krismasi. Akili ya mkulima kabisa, ardhi haikai bure. Lakini bamia kwa minyoo fundo ni karamu, ni katika mazao yanayoizalisha kuliko karibu yote, kwa hiyo miezi mitatu kabla ya miche ya mwezi wa kwanza shamba lilikuwa linafuga. Nyanya za kipupwe zenye mlinzi zilipunguza minyoo, bamia ikairudisha mara nyingi zaidi, halafu ikaja kaskazi. Nikamuuliza ile mizizi ya bamia ilikuwaje ulipong'oa, akasema mibaya, yenye mafundo, nikadhani bamia ndo ilivyo.

Kijana yeye alikuwa na wazo lake. Kwa kuwa mbegu imethibitika ni nzuri, si tukamue zetu toka kwenye matunda ya viriba, tuache kununua? Sikumvunja moyo maana hesabu yake ya gharama ni ya kweli, paketi ni ghali. Ila nilikaa naye chini nikachora kwenye mchanga. Kumbuka paketi ina vitu viwili, minyoo na rasta. Jeni maarufu ya rasta ni Ty-1, ilitoka kwa ndugu mwingine wa porini, Solanum chilense, kundi la Dani Zamir la Israeli ndo lililoielezea mwaka 1994, na imekaa kwenye kromosomu ya 6 vilevile, jirani na Mi. Vile vipande vya porini havipendi kukatana na kubadilishana na kromosomu ya nyanya yetu, kwa hiyo kuziweka Mi na Ty-1 kwenye kromosomu moja kuliwasumbua sana wazalishaji wa mbegu. Njia ya mkato ni mzazi mmoja kumpa Mi, mwingine kumpa Ty-1, mkichanganya F1 ana zote mbili, kila moja nakala moja, kromosomu moja ina hii, mwenzake ina ile. Mbegu zilizotengenezwa hivyo ukizikamua, kila mtoto anachukua kromosomu moja toka upande wa ua la kiume na moja toka la kike, kwa hiyo robo watapata Mi mbili bila Ty-1, hao rasta itawamaliza, robo watapata Ty-1 mbili bila Mi, hao chakula cha minyoo, na nusu ndo watafanana na mama yao. Kwa macho miche yote inafanana, huwezi kuichagua kitaluni. Kijana akahesabu trei ya miche 200, mia itakuwa na pengo sehemu moja au nyingine, akasema kwa hiyo tutalipia shambani badala ya dukani. Sijui kama paketi ile imetengenezwa kwa njia hiyo hasa, hilo wanalijua wenye mbegu, lakini hata kama jeni ziko mbalimbali bado sehemu ya watoto watatoka bila moja au bila zote, hakuna F1 inayokamuliwa ikabaki ilivyo.

Akaniuliza pia kama hakuna Mi isiyoogopa joto. Ipo, na hili linanipa moyo kuliko yote kwenye kisa hiki. Huko huko kwa ndugu wa porini wa Peru watafiti wamekuta jeni nyingine, Mi-3 iko kwenye kromosomu ya 12, Mi-9 iko kwenye ya 6 karibu na ileile ya zamani, na zote mbili zimeonyesha kushikilia kwenye digrii 32. Shida inarudi kuwa ileile ya Smith, mbegu za kuchavusha aina moja na nyingine zinafia ndani ya tunda na inabidi kuokoa viinitete tena na kurudisha vizazi vingi mpaka upate nyanya inayouzika. Kwa Pwani ya Tanzania, Mombasa, Lindi, Zanzibar, hiyo ndo kinga tunayoihitaji, sio ile iliyopimwa kwenye udongo wa digrii 25, na ningependa sana watu wetu wa utafiti wa mboga wailie kiapo.

Kwa sasa tulichokubaliana na mama ni hiki. Nyanya za paketi ile zinaingia shambani mwezi wa sita tu. Kiangazi akitaka nyanya kwa sababu bei ni nzuri, na bei ya mwezi wa pili Mbagala inashawishi kweli, basi ni mistari michache upande wa mwembe, nyasi nene kabla ya kupandikiza na sio baada, miche inapandwa jioni, na anajua anabahatisha. Bamia inahamia upande wa pili wa kisima. Na sehemu ile ya katikati, iliyokuwa tangawizi, tumeipumzisha na marejea, mmea wa jamii ya kunde. Wazee wa Ruvuma wanaijua marejea kwa kurutubisha udongo na kumaliza magugu, lakini kwa minyoo fundo ina faida nyingine, mnyoo mchanga anaingia kwenye mizizi yake vizuri tu ila hazaliani humo kama anavyozaliana kwenye bamia, anapotea bila watoto. Haifuti minyoo yote, inapunguza, na nilimwambia hivyo ili asije akanidai kile ambacho sikuahidi.

Barua tuliandika. Ile ya kulalamika tuliiacha, tukaandika nyingine kwa wenye mbegu, ukurasa mmoja, mama anasema mimi namwandikia: mbegu yenu ni nzuri nimeipima kwa viriba 20, naomba nyuma ya paketi muweke mstari wa Kiswahili unaosema kinga ya minyoo inashuka udongo ukizidi digrii 28, na IR maana yake nini. Alisaini kwa jina lake lote, tukabandika na picha mbili, mizizi ya mwezi wa pili na mizizi ya viriba. Imepita miezi miwili hawajajibu. Marejea imefika magotini, imeanza kutoa maua ya njano, na kopo la majivu lina mbegu kama mia hivi zilizobaki, limeandikwa kwa kalamu nyeusi, "mwezi wa tano".